Nani Amekuajiri? Utangulizi wa Masomo ya Kazi za Wakala

Swali la kwanza la somo hili linaonekana jepesi: nani amekuajiri? Mwalimu wa sekondari pale Chakol atakujibu papo hapo kwamba ni Tume ya Huduma kwa Walimu, au ni bodi ya shule. Kijana anayekata miwa kilomita chache kutoka shuleni hapo atasita. Atakutajia mnyapara anayemgongea mlango alfajiri. Ukizidi kumhoji atamtaja kontrakta, ambaye pengine hajapata kumwona, amemsikia tu kwenye simu ya mnyapara. Mwenye shamba atakwambia kwamba gharama ya kukata anakatwa kwenye malipo ya miwa yake, ila yeye hajaajiri mtu. Kiwanda kitasema kinanunua miwa, na habari za wakataji ni za kontrakta. Wanne wametajwa, shamba limekatwa likaisha, na mwajiri hajapatikana. Somo letu ni la kumtafuta huyo mwajiri na kujua anadaiwa nini.

Nimechagua tuingie kupitia Chakol badala ya Nairobi, na nina sababu. Chakol iko Teso Kusini, Kaunti ya Busia, kati ya vivuko viwili vikubwa vya mpaka wa Kenya na Uganda: Busia upande wa kusini na Malaba upande wa kaskazini. Malori mengi yanayobeba shehena kutoka bandari ya Mombasa kwenda Kampala, Kigali na mashariki ya Kongo hupitia kimoja cha vivuko hivyo. Januari 2022, Uganda ilipowataka madereva wapimwe Korona mpakani, foleni ya Malaba ilienea makumi ya kilomita. Mzigo ukisimama au ukienda, unahitaji mikono: ya kupakia na kupakua, ya kulinda usiku, ya kufagia ghala, ya kuhamisha magunia ya mahindi kutoka lori moja hadi jingine. Ukiacha lami ukaingia ndani kuna miwa, ambayo kwa miaka mingi ilipelekwa Mumias, kiwanda kilichoanza kusaga mwaka 1973 kikawekwa chini ya mrasimu mwaka 2019. Leo miwa hiyo inagombaniwa na viwanda vilivyojengwa ndani ya kaunti yenyewe. Katika nyingi ya kazi hizi, anayenufaika na kazi siye anayelipa. Nairobi jambo hilo limefunikwa na mikataba yenye mihuri. Hapa liko wazi, na mwanafunzi mwenye macho ataliona siku ya kwanza.

Tuelewane kwanza kuhusu tunachokisoma. Katika ajira ya kawaida kuna watu wawili, anayefanya kazi na anayemfanyisha. Katika kazi ya wakala kuna watatu. Yuko mfanyakazi. Yuko mwenye kazi, yaani yule ambaye ghala ni lake, au miwa inakwenda kwake, na ambaye ndiye anayeamua kazi ianze saa ngapi na ifanywe vipi. Katikati yao yuko mtu wa tatu anayemtafuta mfanyakazi, anamweka kwenye daftari lake na kumlipa kutokana na fedha alizopewa na mwenye kazi. Huyu wa katikati nitamwita wakala, ingawa kwenye mashamba ya Teso jina lake ni kontrakta.

Usimchanganye na wakala wa kuunganisha, anayekutafutia kazi kisha akaondoka. Wale wanaowapeleka dada zetu Saudi Arabia ni wa aina hiyo. Wana masharti yao ya usajili chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2007, na tangu 2016 ipo Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Machungu ya wanaopelekwa huko ni mazito na yanastahili kitabu chao, nami siyagusi hapa kwa sababu hiyo tu. Wakala wetu hubaki. Siku ya malipo yuko, na siku ya ajali anatarajiwa awepo. Mara nyingi hana ofisi wala bango. Mwanafunzi aliyejifunza somo hili kwa vitabu vya Ulaya pekee, akaja Chakol kutafuta kampuni yenye fomu na dawati la mapokezi, atarudi akisema hakuna kazi ya wakala Chakol, kumbe ameipita njiani ikiwa imekaa juu ya trekta na mapanga yake.

Watu wengi hudhani mambo haya yameletwa juzi na utandawazi. Sivyo. Mapema katika karne iliyopita, eneo hili lilipokuwa sehemu ya Kavirondo Kaskazini, mawakala wa walowezi na wa mashamba ya mkonge walipita vijijini wakikusanya vijana. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1910 ilifanya kuacha kazi kuwa kosa la jinai. Sheria ya usajili ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimvika kila mwanamume Mwafrika kipande shingoni. Pamoja na hayo kulikuwa na kadi ya siku 30: mfanyakazi aliwekewa alama kila siku aliyofanya kazi, na mshahara hakuupata mpaka siku 30 zitimie. Kama aliugua au mvua ikanyesha, siku hiyo haikuhesabiwa. Mwajiri wa wakati ule alitaka siku 30 zijae kwa sababu ndizo zilizomfunga mtumishi shambani.

Liweke hilo moyoni, kwa maana tutaona jinsi mambo yalivyogeuka. Kontrakta wa leo huzihesabu siku 30 zilezile, lakini anachoogopa ni kwamba zitajaa.

Kuna historia nyingine ya kujifunza, nayo ni ya bandari ya Mombasa. Frederick Cooper aliiandika katika kitabu alichokitoa mwaka 1987 kuhusu wapakizi wa gatini, na ningependa kila anayeingia somo hili akisome mapema. Vibarua wa Mombasa walilipwa kwa siku, na wengi wao waliupenda utaratibu huo, kwani mtu aliweza kufanya kazi siku chache kisha akarudi kwenye shamba lake Kilifi au Kwale. Nguvu yao ilionekana Januari 1947 walipogoma pamoja na wafanyakazi wengine na mji mzima ukasimama. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyotaka kukomesha ukibarua, na katika miaka ya 1950 ikawasajili na kuwafanya wafanyakazi wa kudumu ili iweze kuwatawala. Kwa hiyo usije hapa na imani kwamba kila kibarua analilia kazi ya kudumu. Mteso mwenye ekari zake mbili za muhogo na wimbi huenda akataka majuma ya kupanda yawe yake. Linalomuumiza ni kukosa stahili za siku alizofanya. Tofauti hiyo isipozingatiwa, utafiti utaandika matakwa ya mtafiti badala ya matakwa ya mfanyakazi.

Sasa tuje kwenye sheria, ambako ndiko nitakaa zaidi, kwa sababu Kenya haina uhaba wa sheria nzuri. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 41, inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, mazingira ya kazi yanayofaa, na kujiunga na chama cha wafanyakazi na kugoma. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Juni 2008, inamtambua kibarua kuwa ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kisha kinakuja kifungu cha 37, ambacho kwa maoni yangu ndicho moyo wa somo hili nchini Kenya. Kinasema kwamba kibarua akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kumalizika katika siku ambazo jumla yake ni miezi mitatu au zaidi, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa mwezi. Siku ya mapumziko yenye malipo na sikukuu zinaingia katika hesabu. Akiendelea mpaka miezi miwili tangu alipoanza, anastahili masharti yote ambayo angekuwa nayo kama hangeanza akiwa kibarua: notisi ya siku 28, likizo ya mwaka ya siku 21 za kazi anapotimiza miezi 12, malipo akiugua, na kusikilizwa kabla ya kufukuzwa.

Hakuna anayehitaji kumpandisha cheo wala kumwandikia barua. Siku zenyewe ndizo zinazomgeuza.

Kwa hiyo anayetaka kibarua abaki kibarua daima ana njia mbili. Ya kwanza ni kukata muda. Siku chache kabla ya mwezi kutimia, watu wanaambiwa wapumzike nyumbani, kisha wanaitwa tena kama wapya. Ya pili ni kukata jina. Msimu huu kontrakta ni fulani, msimu ujao ni mwingine, au ni yuleyule amesajili kampuni nyingine, na wafanyakazi wanahamishwa wakiwa wamesimama palepale na panga lilelile mkononi. Nimeifikiria sana mbinu hii, na naamini karibu kila shida ya mfanyakazi wa wakala katika ukanda huu ukiichimba utafika kwenye mkato mmojawapo. Haki katika sheria zetu zimefungwa kwenye vitu viwili, muda wa kazi na jina la mwajiri. Anayeweza kuvikata hivyo hana haja ya kuvunja sheria yoyote hadharani.

Mkato wa muda, sheria imeutazamia kwa kiasi, kwani mahakama imepewa uwezo wa kuyatazama upya masharti ya kibarua na kutamka kwamba ameajiriwa. Mkato wa jina ni mgumu zaidi. Maana ya mwajiri katika sheria yetu ni pana: inamjumuisha hata wakala, mnyapara na meneja wa yule aliyeajiri. Upana huo unaweza kumsaidia mfanyakazi, kwani mwenye kazi hawezi kusema kirahisi kwamba mnyapara alijitungia mambo yake. Unaweza pia kumpotosha, akamshtaki mnyapara asiye na mali yoyote ya kulipia deni.

Majaji wamelihangaikia jambo hili. Mwaka 2013, katika kesi ya kampuni ya Wrigley, Mahakama ya Viwanda ilikubali kwamba mwenye biashara anaweza kuikabidhi sehemu ya kazi kwa kampuni nyingine, mradi mpango huo uwe wa kweli na usiwe njia ya kuyakimbia madeni ya waajiriwa wake. Miaka kumi baadaye swali lilelile lilitua Nairobi likiwa limevaa nguo mpya. Vijana waliokuwa wakichuja picha na maneno ya kutisha kwenye Facebook walikuwa wameajiriwa na kampuni ya Sama, nayo Meta ilisema haiwajui. Juni 2023 Jaji Byram Ongaya, katika uamuzi wa awali, aliona kwamba Meta ndiyo mwajiri mkuu na Sama ni wakala wake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ilikataa hoja ya Meta kwamba haiwezi kushtakiwa Kenya. Ukiyaweka mabishano hayo kando ya shamba la miwa la Chakol utaona ni yaleyale: kazi ni ya nani, nani anaiongoza, nani anaweka masharti, na kwa nini jina lake halimo kwenye karatasi.

Lakini kesi ninayotaka msomaji wangu aisome neno kwa neno ni ya Krystalline Salt, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2017. Wafanyakazi wa chumvi wa pwani walidai kwamba ukibarua wao ulikuwa umegeuka ajira ya mwezi. Mahakama ilieleza kwamba sheria yetu ina aina nne za mikataba ya kazi: ya muda usio na kikomo, ya muda maalum, ya kazi ya kipande, yaani malipo kwa kiasi cha kazi, na ya kibarua. Kifungu cha 37, ikasema, kinamgeuza kibarua. Mfanyakazi wa kipande hakimgeuzi, hata akifanya kazi miaka. Sasa jiulize mkata miwa analipwaje. Analipwa kwa tani au kwa mstari. Mpakizi wa Malaba je? Mara nyingi kwa gunia au kwa lori. Tafsiri hiyo ikishikiliwa, mlango mpana kuliko yote katika Sheria ya Ajira umefungwa mbele ya watu wanaouhitaji zaidi, na anayetaka kuufunga hahitaji hata kukata muda wala jina, anabadilisha tu namna ya kulipa. Naiheshimu mahakama, na kwa maneno ya sheria yalivyo sioni kama iliyasoma vibaya. Lawama yangu iko kwa Bunge, ambalo limeyaacha maneno hayo yakae hivyo.

Hesabu ya malipo ina mitego yake. Kima cha chini cha mshahara nchini Kenya kinatangazwa kwa amri za serikali, na amri ya jumla ina safu tatu kulingana na mahali. Katika amri ya Mei 2022, kibarua wa kazi za mikono katika majiji makubwa alistahili shilingi 15,201.65 kwa mwezi, na yule wa maeneo ya mashambani shilingi 8,109.90. Novemba 2024 viwango vilipandishwa kwa asilimia 6. Juu ya hapo, asiyepewa nyumba anastahili posho ya nyumba ya asilimia 15. Kwa vibarua kuna safu za siku na za saa, kwa hiyo kontrakta anayechukua mshahara wa mwezi akaugawa kwa 30 ili apate malipo ya siku anampunja mtu. Kilimo nacho kina amri yake. Basi mkata miwa aliyeajiriwa na kampuni ya usafirishaji, anayekata miwa ya mkulima ili isagwe kiwandani, yuko chini ya amri ipi? Je, ni mtu wa shamba, wa uchukuzi au wa kiwanda? Swali hili si la kupoteza muda darasani. Kila jibu lina bei yake, na familia inakula kulingana na jibu hilo.

Tuangalie usawa wa malipo, kwa maana hapa ndipo mkato wa jina unapochoma zaidi. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri awalipe waajiriwa wake sawasawa kwa kazi yenye thamani sawa. Soma tena: waajiriwa wake. Mlinzi aliyeajiriwa na ghala na mlinzi aliyeletwa na wakala wanaweza kulinda lango moja, usiku mmoja, kwa rungu la aina moja, na yule wa pili akashindwa kujilinganisha na mwenzake kwa kuwa mwajiri wao kwenye karatasi si mmoja. Hata chama cha wafanyakazi kinajikwaa hapo. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri akitambue chama kilichowaandikisha zaidi ya nusu ya waajiriwa wake wanaoruhusiwa kujiunga. Wakihamishiwa kwa makontrakta watano, hesabu ya nusu inaanzwa upya mara tano.

Ulaya wamelijibu hili kwa njia nyingine. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2008 kuhusu wafanyakazi wa mawakala linamlinganisha mfanyakazi wa wakala na yule ambaye mwenye kazi angemwajiri moja kwa moja kwa kazi hiyohiyo. Uingereza ilitunga kanuni mwaka 2010, zikaanza Oktoba 2011, na kwa kanuni hizo usawa wa malipo huja baada ya majuma 12. Tazama wanachokifanya: wanamruhusu mtu wa tatu abaki, lakini hawaliruhusu jina lake liwe ukuta kati ya mfanyakazi na kipimo cha mshahara wake. Afrika Kusini imekwenda mbali zaidi. Kwa marekebisho yaliyoanza mwaka 2015, mfanyakazi mwenye kipato kisichozidi kiwango kilichowekwa akishapita miezi mitatu, mwenye kazi anahesabiwa kuwa mwajiri wake, na Julai 2018 Mahakama ya Katiba ilisema kwamba kwa madhumuni ya sheria hiyo ndiye mwajiri peke yake.

Wengine wamejaribu kupiga marufuku. Namibia, iliyokuwa na kumbukumbu chungu ya kazi za mkataba wakati wa ukoloni, iliandika katazo katika sheria yake ya kazi ya mwaka 2007. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ililifuta kwa kuwa linaingilia uhuru wa kufanya biashara. Tanzania ilitoa kanuni mwaka 2014 ikiwataka mawakala wa ajira waache kuwa waajiri na wabaki kuunganisha tu. Mimi siungi mkono katazo kwa maeneo kama Chakol, ambako kazi ya mavuno ina msimu na mnyapara anajua nani ana nguvu na nani ana shida nyumbani. Nikiulizwa nini cha kuanza nacho, ningechagua usawa wa malipo unaovuka jina la mwajiri, na dhima ya pamoja kati ya mwenye kazi na kontrakta, ili mshahara ukipotea njiani mwenye kazi asiseme alishalipa.

Kwa hapa mpakani kuna neema moja ya kitaaluma ambayo vyuo vikubwa havina. Ukivuka mto Malaba, sheria inabadilika na watu hawabadiliki: Kiteso ni kilekile na ukoo ni uleule. Uganda, kanuni za ajira za mwaka 2011 zinakataza mtu kukaa kibarua zaidi ya miezi minne, ambapo Kenya hesabu ni ya mwezi mmoja. Kima cha chini cha kisheria cha Uganda kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 za Uganda kwa mwezi, na hakijabadilishwa. Bunge lao lilipitisha muswada wa kima kipya mwaka 2019 na rais hakutia saini. Mwaka 2023 lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Ajira yaliyogusa mawakala na vibarua, nayo yakarudishwa bila saini. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza Julai 2010, inampa mfanyakazi wa nchi mwanachama haki ya kuvuka na kutendewa kama mwenyeji. Mpakizi wa Tororo, Uganda, anayefanya kazi Malaba ya Kenya anabeba basi haki ya kima cha Kenya, ingawa sijui mnyapara gani atakayekuwa wa kwanza kumwambia hivyo. Mtu mwenye moyo wa utafiti angeweza kukaa kwenye daraja la mto huo miaka na asimalize maswali.

Namna ya kufanya utafiti wenyewe nitaieleza kwa ufupi, sura za mbele zitalijaza pengo. Fuata fedha kutoka kwa mwenye kazi mpaka kwenye kiganja cha mfanyakazi, na katika kila mkono uulize kilichobaki. Uliza kuhusu chai ya mnyapara: sheria inamkataza mwajiri kumkata mfanyakazi mshahara kama malipo ya kumpa kazi au ya kumbakiza kazini, na jumla ya makato yote haipaswi kupita theluthi mbili ya mshahara. Usitegemee karatasi ya mchanganuo wa mshahara, kwa sababu kifungu cha 20 cha Sheria ya Ajira kinamsamehe mwajiri kuitoa kwa kibarua, kwa anayelipwa kwa kipande na kwa aliyeajiriwa kwa muda usiozidi miezi sita. Tegemea simu. Malipo ya siku hizi hupita M-Pesa, na taarifa ya M-Pesa inaonyesha tarehe, kiasi na jina la mtumaji. Kibarua aliyeambiwa kwamba hana ushahidi wowote mara nyingi amebeba mfukoni rekodi ya mwaka mzima. Ukiongeza kifungu cha 10, kinachomtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi pale anaposhindwa kuleta mkataba wa maandishi, utaona kwamba yule asiye na karatasi hajashindwa kesi kabla ya kuianza.

Na kesi anaweza kuianza karibu na nyumbani. Tangu mwaka 2018 mahakimu wa ngazi ya hakimu mkazi mwandamizi na kuendelea wameruhusiwa kusikiliza madai ya ajira ya watu ambao mshahara wao wa mwezi hauzidi shilingi 80,000, kwa hiyo mfanyakazi wa Chakol hana haja ya kupanda basi la Kisumu. Ila muda wa kudai ni miaka mitatu. Mtafiti anayekusanya simulizi za watu ana wajibu wa kuwaambia muda huo kabla ya kufunga daftari lake. Kuchukua habari za mtu kwa ajili ya shahada yako, ukamwacha dai lake likafa mikononi mwako, ni unyonyaji wa aina yake.

Sura ya kwanza inahusu mizani. Mkata miwa analipwa kwa tani, na tani hupimwa kiwandani, kilomita nyingi kutoka shambani, baada ya yeye kwenda zake. Miwa ikilala siku mbili tatu shambani ikingoja trekta, inakauka na kupungua uzito, na hasara hiyo inamfikia yeye ingawa trekta si lake. Tutauliza nani anaisoma mizani, stakabadhi inapita mikononi mwa nani, na ni kifungu kipi cha sheria kinachompa mkataji haki ya kuiona.